Mhunzi Perrin katika Kitabu na katika Televisheni

Mtu akihama nyumba hawezi kubeba vitu vyote. Huacha mtungi uliopasuka, huacha meza isiyoingia katika mlango mpya, wala majirani hawamlaumu. Lakini tuseme amefika katika nyumba mpya, na majirani wakaona kwamba watoto wake si wale waliowajua: yule mpole amekuwa muuaji, na yule aliyelelewa vizuri amekuwa mtoto wa mlevi. Hapo watauliza: Je, huyu ndiye jirani yetu, au ni mtu mwingine aliyevaa nguo zake?

Ndivyo ilivyo kitabu kinapohamia katika televisheni. Vijana wetu wengi huzitazama hadithi hizo katika simu, nao wanazijua kwa picha tu, kitabu hawajakifungua. Wazazi nao husema: «Ni mchezo tu, si kitu.» Sisi hatuoni hivyo. Hadithi ni shule isiyo na mwalimu mbele ya darasa. Humfundisha mtoto nani wa kupendwa, nani wa kuogopwa, na wema hutoka wapi. Basi leo tupime hadithi moja tu, tuone watu wake walivyokuwa kitabuni na walivyofanywa katika televisheni.

Hadithi hiyo inaitwa The Wheel of Time, yaani Gurudumu la Wakati. Wasomaji wa Kifaransa wanaijua kwa jina la La Roue du Temps. Mtunzi alijiita Robert Jordan, lakini jina lake la kuzaliwa ni James Oliver Rigney. Alizaliwa mwaka 1948 katika mji wa Charleston, Marekani, akapigana katika vita vya Vietnam akiwa askari wa helikopta. Kitabu cha kwanza, The Eye of the World, kilitoka mwaka 1990. Alikufa mwaka 2007 kazi yake haijaisha. Mkewe, Harriet McDougal, ambaye pia alikuwa msahihishaji wa vitabu vyake, alimchagua Brandon Sanderson aimalize, na kitabu cha 14, cha mwisho, kikatoka mwaka 2013. Kampuni ya Amazon ikaitia hadithi katika televisheni chini ya uongozi wa Rafe Judkins. Sehemu ya kwanza ilionyeshwa mwaka 2021, ya pili mwaka 2023, ya tatu mwaka 2025. Mwezi Mei mwaka 2025 kazi ilikatwa, na hadithi ikabaki njiani.

Kwa ufupi habari ni hii. Katika kijiji cha wakulima na wachungaji wanaishi vijana Rand, Mat na Perrin, msichana Egwene, na Nynaeve, mwanamke kijana anayewatibu wagonjwa wa kijiji. Wakati wa sikukuu kijiji kinavamiwa na Trolloc, viumbe ambao ni nusu watu na nusu wanyama. Mgeni mmoja, Moiraine, mwanamke wa chama cha Aes Sedai wenye nguvu za ajabu, anawachukua vijana hao pamoja na mlinzi wake Lan. Kwa maana mmoja wao ndiye aliyetabiriwa kupigana na Giza siku ya mwisho.

Kwanza tuwatendee haki waliotengeneza picha. Kitabu cha kwanza tu kina kurasa zaidi ya 600, nao walipewa vipindi 8. Wangefanyaje bila kukata? Tena kitabu kinaweza kuingia moyoni mwa mtu na kutuambia anawaza nini, lakini picha huona uso tu. Tena kuna mambo yasiyotoka katika mapenzi ya mtu. Mwaka 2020 kazi ilisimama kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na mchezaji aliyekuwa Mat akaondoka kabla ya vipindi viwili vya mwisho. Ndiyo maana katika televisheni Mat anabaki mlangoni wakati wenzake wanaingia katika njia ya giza, ingawa kitabuni anakwenda pamoja nao. Kwa jambo hilo hatumlaumu mtu. Mtungi umepasuka, umeachwa.

Lakini si kila badiliko ni la namna hiyo. Mengine yalichaguliwa. Hayo ndiyo tunataka kuyapima, na tuanze na Perrin.

Perrin wa kitabuni ni kijana mwanafunzi wa mhunzi. Ana mwili mkubwa, mabega mapana, na anafikiri polepole. Watu wengine humwona mzito wa akili, kumbe sivyo. Tangu utoto alikuwa mkubwa kuliko wenzake, akajifunza kujiangalia asije akamwumiza mtu bila kutaka. Mwone huyo: upole wake si woga, ni desturi aliyojizoeza siku kwa siku, kama mhunzi anavyojizoeza kupima pigo la nyundo. Katika safari anachukua shoka la vita ambalo bwana wake alikuwa amelifua kwa mtu mwingine. Siku moja kunguru wa yule Mwovu wanawafukuza, yeye na Egwene, naye anawaza kwamba wakifikiwa itampasa amwue Egwene mwenyewe kwa shoka lile, asije akafa kwa mateso. Kunguru hawakuwafikia. Lakini Perrin anajichukia kwa wazo lile, anataka kulitupa shoka. Mzee Elyas anampa shauri ambalo sisi tunaliona kuwa moyo wa habari yake yote: alishike shoka maadamu analichukia, siku atakayoacha kulichukia, hiyo ndiyo siku ya kulitupa na kukimbia.

Baadaye wanakamatwa na askari wa makoti meupe wanaojiita Wana wa Nuru. Askari wanamwua mbwa-mwitu aliyekuwa rafiki yake, na Perrin, kwa hasira, anaua wawili wao. Tangu siku hiyo vita viwili vinapiganwa ndani yake, cha nyundo inayojenga na cha shoka linalobomoa. Vita hivyo vinaendelea miaka na miaka, hata anapolitupa shoka lile katika kitabu cha kumi, kilichotoka mwaka 2003.

Sasa tutazame televisheni. Katika kipindi cha kwanza kabisa Perrin ana mke, jina lake Laila, mhunzi kama yeye. Kitabuni hana mke wakati huo. Trolloc wanavamia, mume na mke wanapigana ndani ya kiwanda, na Perrin akiwa amepandwa na wazimu wa vita anageuka kwa ghafula na kumpiga mkewe kwa shoka. Mke anakufa. Na tangu hapo, kila Perrin anapoogopa kupigana, sisi watazamaji tunajua sababu: alimwua mkewe.

Tunaelewa walichotafuta. Picha haioni mawazo, basi walitaka jambo la nje lionyeshe jambo la ndani. Lakini tupime bei yake. Kwanza mwanamke huyo. Anatokea, hasemi maneno mengi, anakufa. Hatukumjua. Hakuumbwa ili aishi katika hadithi. Aliumbwa ili afe, mumewe apate huzuni. Hiyo ni heshima gani kwa mke na kwa ndoa? Mtu akifiwa na mke kwa mkono wake mwenyewe, moyo wake utakuwaje? Kwa kweli hadithi nzima ingepaswa kusimama na kulia pamoja naye. Lakini haina nafasi. Kesho yake anapanda farasi na wengine, na wenzake hawajui lililotokea. Kidonda kikubwa hivyo kimepewa kitambaa kidogo mno.

Pili, na hili ni zito zaidi, badiliko hilo limegeuza maana ya upole wake. Perrin wa kitabuni anaogopa kuumiza kwa sababu amejua thamani ya uhai kabla ya kumwaga damu. Perrin wa televisheni anaogopa kuumiza kwa sababu amekwisha mwaga damu. Wa kwanza ana dhamiri, wa pili ana kovu. Mambo hayo mawili hayafanani. Kitabu pia kilimtunzia huzuni yake: katika kitabu cha nne, anaporudi kijijini, anaambiwa kwamba baba na mama, ndugu na dada zake wote wameuawa. Hapo analia, nasi tunalia naye, kwa kuwa tumekaa naye muda mrefu na tumejua nyumba aliyotoka.

Tuje kwa Mat. Kitabuni Mat ni mtundu wa kijiji, mpenda michezo na hila, lakini mwana wa watu wema. Baba yake, Abell, ni mfanya biashara wa farasi, hodari wa upinde, mtu wa kuheshimiwa. Vijana wanapopotea, Abell na Tam, baba yake Rand, wanaacha mashamba na mifugo, wanakwenda mpaka mji wa Tar Valon, mbali sana, kuwauliza wakuu wa Aes Sedai: «Wako wapi watoto wetu?» Wakulima wawili mbele ya mnara mkubwa! Wazazi wangapi wa kwetu wamefanya safari kama hiyo, mtoto alipochukuliwa na vita, wakipita kambi kwa kambi wakitaja jina lake? Msomaji wa Kongo hahitaji kuelezwa habari za Abell.

Katika televisheni baba huyo hayuko. Mahali pake pana mwanamume aitwaye Abell anayefuata wanawake wa kijiji mbele ya macho ya watu, na mama mlevi asiyewaangalia watoto. Mat anaiba bangili ili awanunulie dada zake wadogo taa za sikukuu. Tukiri kwamba jambo hilo la taa ni zuri. Linaonyesha moyo wa kaka, na watoto wengi wanaolea wadogo zao watajiona hapo. Lakini kwa nini, ili tumpende Mat, ilibidi wazazi wake wavuliwe heshima? Je, mtoto mtundu hawezi kutoka katika nyumba njema? Kila mzazi anajua jibu.

Kutoka kwa Perrin na Mat tunaona kanuni moja. Waliotengeneza picha hawakuamini kwamba watazamaji watamwamini mtu mwema. Waliona kwamba wema bila kidonda ni jambo la watoto. Basi kila mwema akapewa doa, apate kuwa «mtu wa kweli».

Wala si wao peke yao. Mwaka 2002 Peter Jackson alifanya vivyo hivyo katika sinema ya pili ya The Lord of the Rings, kitabu cha J.R.R. Tolkien, ambaye alikuwa mkatoliki. Kitabuni Faramir anakutana na Frodo mwenye pete ya uovu, naye anamwacha aende, wala haitamani, kwa maana alikwisha amua zamani moyoni mwake kwamba hatatafuta ushindi wa namna hiyo. Katika sinema Faramir anamkamata Frodo, anampeleka pamoja na pete mpaka mji wa Osgiliath, na ni baadaye tu anapogeuka. Tena swali lile lile: Je, haiwezekani mtu ajaribiwe na kushinda mara moja, kwa sababu alijitayarisha siku nyingi?

Hapa msomaji mwingine atatupinga. Atasema: «Ninyi Wakristu mnafundisha kwamba watu wote ni wakosefu. Basi televisheni imesema kweli kuliko kitabu.» Neno hilo lina nguvu, tusilipite haraka. Ndiyo, wote tu wakosefu. Na Perrin wa kitabuni pia ni mkosefu: anaua kwa hasira, na hasira ile inamfuata. Lakini kusema kwamba wote wamekosa si kusema kwamba kosa ndilo mwalimu pekee. Mtakatifu Augustino alifika kwa Mungu kwa njia ya kuanguka na kuinuka. Teresia wa Mtoto Yezu alipita njia nyingine. Alilelewa katika nyumba ya wazazi ambao wao wenyewe walitangazwa watakatifu mwaka 2015. Kanisa halikumkubali mmoja na kumkataa mwenzake. Hadithi inayojua njia ya kwanza tu imejua nusu ya mambo ya mwanadamu. Na nusu hiyo ikifundishwa peke yake ina hatari: kijana ataanza kuona haya kwa kuwa mama yake ni mwaminifu na baba yake hanywi, kana kwamba hana historia.

Kuna badiliko jingine linalotuonyesha jambo hili kwa upande wa pili. Liandrin, mwanamke mwovu wa Aes Sedai, kitabuni ni mkali na mjanja, wala hatujui uchungu wake. Televisheni, katika sehemu ya pili, imempa mtoto wa kiume. Aes Sedai huishi miaka mingi kuliko watu wengine. Basi yeye bado ana sura ya ujana, na mtoto wake ni mzee kitandani, karibu kufa, naye anamtunza kwa siri. Tulipoona hayo tulinyamaza. Ni badiliko jema, lenye huruma, linalotukumbusha kwamba mwenye dhambi ni mtu, na kwamba huenda yule tunayemwogopa ana mgonjwa nyumbani. Mchezaji wake, Kate Fleetwood, alilifanya vizuri sana.

Lakini tulinganishe. Mwovu amepewa sababu, mwema amepewa doa. Mwovu ameinuliwa kidogo, mwema ameshushwa kidogo, mpaka wote wawili wanasimama karibu mahali pamoja. Huruma kwa mwovu ni jambo la Injili. Lakini kwa nini kuinua huyu kuwe pamoja na kumshusha yule? Taa mbili zaweza kuwaka katika nyumba moja.

Tuseme neno pia juu ya mapendo. Kitabuni Egwene na Rand wamekua pamoja, kijiji kizima kinatazamia kwamba wataoana, nao wanaoneana haya kama vijana wa kijijini. Katika televisheni wanalala pamoja tangu kipindi cha kwanza. Kitabuni Lan, mlinzi aliyefiwa na nchi yake yote, anampenda Nynaeve lakini anamkataa, kwa maana anajua amejitoa kwa vita visivyo na mwisho, na atakayeolewa naye atakuwa mjane upesi. Kukataa huko ndiko kunakoonyesha ukubwa wa mapendo yake. Ndoa yao inafika katika kitabu cha saba tu, na msomaji aliyengoja anafurahi kama mtu aliyealikwa arusini. Katika televisheni wanalala pamoja katika kipindi cha saba cha sehemu ya kwanza. Hatusemi hivyo kwa sababu tu tu Wakristu na jambo hilo si halali. Hata kwa kupima hadithi kama hadithi, ni hasara. Mtu akila mbegu hana shamba.

Wala tusionekane watu wa kulaumu tu. Lan huyo huyo, ambaye kitabuni ni kama jiwe, katika televisheni anaongoza maombolezo ya mlinzi mwenzake Stepin, anajipiga kifua na kulia kwa sauti mbele ya wote. Daniel Henney alicheza hapo kwa namna itakayoeleweka upesi na watu wetu, wanaojua kwamba mwanamume kulia matangani si aibu. Hapo kweli jambo la ndani limetolewa nje bila kuharibu mtu. Tena katika sehemu ya tatu, kipindi cha nne, Rand anaingia katika mji wa Rhuidean na kuziona siku za mababu kwa macho ya mababu wenyewe, kizazi baada ya kizazi. Picha ile ilifuata kitabu kwa heshima na ikaleta machozi. Na Rosamund Pike, kama Moiraine, alibeba mzigo mzito bila kuyumba. Mambo haya yanaonyesha kwamba waliweza. Kazi ilipomwamini mtunzi ilisimama imara.

Basi tufanye nini? Hatusemi: zimeni televisheni zote. Pia si kila hadithi ya uchawi na viumbe wa ajabu ni adui wa imani. Mababu zetu walitufundisha mengi kwa hadithi za sungura na majitu. Lakini kitabu na picha za hadithi hii si za watoto wadogo, kwa ajili ya vita na damu, na picha zaidi kwa ajili ya mambo ya chumbani. Kwa vijana wakubwa tunashauri hivi. Asome kwanza, ndipo atazame. Kitabu kikikosekana, mzazi au mwalimu akae naye wakitazama, amwulize: Mtu huyu ni mwema kwa sababu gani? Alijifunza wapi? Je, umemjua mtu kama huyo kijijini kwetu? Maswali hayo matatu yanatosha kumfumbua macho.

Maana mtu kama Perrin wa kitabuni yuko. Tumemwona. Ni yule fundi mwenye mikono mikubwa asiyempiga mtoto. Ni yule kijana aliyeitwa na wenye bunduki akakataa, naye hakuwa ameua mtu kwanza ili ajue kwamba kuua ni vibaya. Hakuna picha iliyopigwa juu yake, kwa maana hakuna lililotokea. Na kutotokea kwa jambo hilo ndiyo kazi yake yote. Hadithi inayomkumbuka mtu wa namna hiyo inatutendea mema. Perrin alipewa nyundo na shoka, na kwa miaka mingi alichunguza mkono wake usizoee shoka. Tungependa vijana wetu waijue nyundo ile kabla hawajaonyeshwa damu.